Lenzi ya milimita 300 inakutosha: anza na mbwa na paka wako kabla ya kwenda hifadhini

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri. Una kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha) na lenzi ya milimita 300, una mbwa mweusi na paka mweupe ambao kila ukiwapiga picha wanatoka na ukungu au macho ya kijani, na mwezi ujao unaenda hifadhini. Unauliza kama ununue lenzi ya milimita 600, inayovuta mbali zaidi, kabla ya safari. Jibu langu ni usinunue. Mwezi huu upige hao wawili ulio nao kila siku, kwa sababu karibu kila kitakachokusumbua hifadhini kipo hapo nyumbani, na hapo unaweza kurudia mpaka mkono uzoee. Simba hakupi nafasi ya kurudia.

Nimepiga wanyama kwa miaka mingi, wa kufugwa na wa porini, na kilichonisaidia kuliko kifaa chochote ni kujua mnyama atafanya nini kabla hajafanya. Nitafika huko, ila kwanza tumalize ya kamera.

Ukungu una vyanzo viwili. Fungua picha uikuze. Kama zulia au nyasi zinaonekana vizuri lakini mbwa amevutika, shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga) ilikuwa ya polepole. Kama mbwa hajavutika ila mgongo wake uko wazi kuliko macho, fokasi ilikaa mahali pasipotakiwa. Paka aliyetulia anatosheka na shata ya sekunde 1/250. Mbwa anayekimbia anza na 1/1000, na akija mbio moja kwa moja kwako panda hadi 1/2000. Ndege anayeruka naye mpe 1/2000 au zaidi. Mimi huchagua shata na tundu la lenzi mwenyewe, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) naiachia kamera. Usiogope ISO kubwa: chenga inazoleta kwenye picha zinasafishika kwa programu, mnyama aliyevutika hana dawa.

Kuhusu tundu, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa na sehemu iliyo wazi kwenye picha ni nyembamba. f/1.8 inapendeza kwa uso wa mtu, lakini mbwa ana pua ndefu. Ukiwa karibu, jicho litakuwa wazi na pua itapotea. Tumia f/4 au f/5.6, na fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu zaidi na lenzi. Kama kamera yako inatambua macho ya wanyama, washa, ila jifunze pia kusogeza nukta ya fokasi kwa kidole, maana nyasi ndefu na manyoya meusi huichanganya.

Sasa rangi za hao wawili. Mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, hudhani kwamba wastani wa kila kilicho mbele yake ni kijivu. Mbwa mweusi akijaza fremu, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na mbwa anageuka kijivu huku kila kilicho nyuma yake kimeungua, yaani kimekuwa cheupe mno. Punguza mwanga kwa 0.7 au 1 kwenye mpangilio wa kamera wenye alama ya +/-. Kwa paka mweupe fanya kinyume: ongeza kiasi hicho hicho, huku ukichunga manyoya yasiungue. Ukishalizoea hili, nyati na yangeyange hawatakupa shida, ni somo lile lile.

Macho ya kijani yanatokana na utando ulio nyuma ya retina ya mbwa, paka na wanyama wengi wa usiku. Kazi yake ni kurudisha mwanga ili mnyama aone vizuri gizani. Flashi iliyo juu ya kamera iko karibu mno na lenzi, kwa hiyo mwanga unakwenda na kurudi kwa njia moja. Izime. Mpeleke paka karibu na dirisha, wewe ukae ubavuni mwa mwanga. Kama flashi ni lazima, ielekeze kwenye dari. Usiku porini mimi siitumii kabisa.

Halafu shuka chini. Lala kifudifudi ikibidi, lenzi iwe sawa na macho ya mnyama. Hilo tu linabadilisha picha kuliko milimita 300 za ziada.

Tuje kwenye tabia, na hapa naomba utulie. Siku ya kwanza weka kamera sakafuni, mbwa ainuse aichoke. Kisha mtazame. Mbwa anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso hadi weupe wa jicho unaonekana, anakuambia ameelemewa. Paka atalaza masikio na kupigapiga mkia. Ukiona hivyo, weka kamera chini. Picha ya mnyama aliyeshinikizwa inaonekana wazi hata kwa asiyejua kwa nini haimpendezi. Na ile sauti ya ajabu inayomfanya mbwa ainamishe kichwa, itumie ukiwa tayari kabisa, kwa sababu hufanya kazi mara chache tu, kisha anaizoea.

Paka anayetaka kuruka hujikunyata kisha hutikisa nyonga. Hapo ndipo unaanza kubonyeza mfululizo, kwa sababu ukisubiri aruke, umechelewa. Ndege wa mawindo aliyetua tawini naye ana dalili zake: mara nyingi hunya, huinama mbele, ndipo anaondoka. Huondoka akiukabili upepo. Kwa hiyo kaa mahali ambapo upepo na jua vinatoka mgongoni kwako, naye ataruka uso wake ukiwa upande wako. Watu wengi huita hiyo bahati, lakini ni upepo tu umesomwa.

Mwendo nao una mpangilio. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi wa mbio. Picha zilionyesha kwamba kuna wakati kwato zote nne zimeacha ardhi, na kwamba wakati huo miguu imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamezoea kuichora imenyooka mbele na nyuma. Duma na mbwa wa mbio huenda mbali zaidi: hupaa mara mbili katika kila mzunguko wa hatua, mara wamejikunja, mara wamenyooka. Mwombe mtu amrushie mbwa mpira, piga mfululizo, kisha chambua picha moja moja. Utaona mwenyewe ni sehemu gani ya hatua inayompa mwili uzuri wake, na jicho lako litaanza kuisubiri.

Hifadhini, hiyo lenzi yako kwenye sensa ndogo inaona kama lenzi ya milimita 450 hivi kwenye sensa kubwa. Inatosha. Mchana wa jua kali hewa iliyo juu ya ardhi hucheza, na picha ya mbali hulegea hata kwa lenzi ghali kuliko zote. Piga asubuhi na jioni, mchana mwache mnyama awe mdogo ndani ya mandhari yake. Omba injini izimwe kabla ya kupiga, na egemeza lenzi kwenye mfuko wa maharage dirishani.

Usimsogelee ili kufidia lenzi. Tembo aliyetandaza masikio na kukukabili anataka uondoke, na dereva asibishane naye. Kiota usikikaribie: mzazi akikimbia, mayai au makinda hubaki kwa jua na kwa wanaoyawinda. Usipige makofi ili simba ageuke, wala usicheze sauti za ndege kwenye simu kumwita dume anayelinda eneo lake. Ukipiga kifaru, futa taarifa za mahali kwenye picha kabla ya kuirusha mtandaoni, kwa sababu majangili nao wana simu.

Na mnyama wa kufugwa useme ni wa kufugwa. Mshindi wa Wildlife Photographer of the Year, shindano la picha za wanyamapori, wa 2009 alivuliwa ushindi mwaka 2010, baada ya majaji kuona kuna uwezekano mkubwa kwamba mbwa mwitu (wolf, si yule wa Afrika) aliyekuwa akiruka lango kwenye picha yake alikuwa amefunzwa. Ilikuwa picha nzuri sana, na hilo ndilo linaloniuma.

Anza na mbwa akija mbio kwako: 1/2000, f/5.6, fokasi ya kufuatilia, wewe umelala chini. Kisha weka hapa picha tatu ambazo hazijahaririwa, hata zile usizozipenda, pamoja na mipangilio yake, nikuambie kama tatizo ni shata, fokasi au mahali ulipokaa.