Nilimdanganya tunaenda kula chipsi

Mwaka juzi mwezi wa saba, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikiwa ile ya kuogea kwa kujilazimisha, mwanangu aliamka shavu limevimba kama ameficha ndimu. Alikuwa na miaka mitano. Nyumbani tunamwita Baba, kwa kuwa amebeba jina la marehemu baba yangu. Siku mbili alikuwa hajalala, na mimi sijalala. Nikamvisha sweta mbili, nikamwambia tunaenda Mwanjelwa kula chipsi mayai.

Tuliposhuka kwenye bajaji nje kwa daktari wa meno, aliona watu kwenye benchi wameshika mashavu. Hakulia. Alinigeukia akanitazama tu. Kilio kilianza ndani, tulipomshika watu wanne: mimi kichwani, nesi miguuni, mlinzi aliyeitwa kutoka getini mikononi, na daktari na koleo lake. Mahali penyewe sipataji, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Gego lilitoka kwa dakika chache, hofu ikaingia. Hiyo ndiyo ilinichukua karibu mwaka kuitoa.

Chipsi nilimnunulia wakati wa kurudi. Alizikataa. Tangu siku hiyo kila nikimwambia vaa viatu tunatoka, ananiuliza, "Tunaenda wapi kweli?" Hilo "kweli" liliniuma kuliko kelele zote za chumba kile. Mswaki nao akaukimbia, maana mtu yeyote akisogeza kitu mdomoni mwake alikuwa anafunga meno kama mlango.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kama mwanao bado hajafika huko, ushauri wangu wa kwanza ni huo: usimdanganye mnakoenda. Uongo huo unakupa nusu saa ya utulivu ndani ya bajaji, halafu unaulipa kwa miezi.

Baadaye nilijiuliza hofu ya mtoto huyu ilianzia wapi, kwa sababu hata kabla ya siku ile hakuwa anawapenda watu wa makoti meupe. Jibu lilikuwa sebuleni kwangu. Ni nani kati yetu hajawahi kumwambia mtoto, "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano"? Mimi nilikuwa nasema hivyo karibu kila anapokataa uji. Tena kuna siku shangazi yake alitutembelea kutoka Tukuyu, tukakaa tunasimuliana jinsi tulivyong'olewa magego tukiwa wasichana, na milio yote, "kwaa!", tunacheka mpaka machozi. Baba alikuwa pale chini anachezea vifuniko vya soda. Tulidhani hasikii.

Nikiwa hapo kwenye mambo ya sebuleni, niseme na hili. Alipokuwa mchanga, aliwahi kuharisha na kupata homa, jirani mmoja mama mtu mzima akaja kuniambia mtoto ana meno ya plastiki, apelekwe akatolewe. Nashukuru sikumsikiliza. Hakuna meno ya plastiki. Vile vyeupe vinavyokwanguliwa kwenye ufizi wa mtoto ni meno yake halali yanayojiandaa kuota, na kifaa kisicho safi kinaweza kumwachia maambukizi mabaya. Mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya, apewe maji yenye chumvichumvi, atibiwe kinachomwumiza.

Sasa, tulirudije? Polepole mno, na tulianza nyumbani bila kutaja hospitali. Jioni baada ya chakula nilikuwa nalala kwenye kochi, nampa kijiko na tochi ya simu, nikafungua mdomo ahesabu meno yangu. Alifika kumi na nne akapotea, akaanza upya. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, hili la huku nyuma lina shimo jeusi." Lilikuwa nalo kweli, nami nilikuwa nimelinyamazia miaka. Juma lililofuata akakubali tubadilishane, alale yeye, nihesabu mimi. Meno ya utoto ni ishirini, kumi juu na kumi chini, lakini yeye alikuwa na kumi na tisa, na mwenyewe alinionyesha pengo kwa kidole bila kusema kitu.

Ndipo nikaliona shimo jingine, dogo, kwenye gego la chini upande wa pili. Mume wangu akasema hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe. Wengi tunasema hivyo. Meno ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka sita hivi, sawa, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi, kumi na mbili. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka mitano na nusu asubiri maumivu miaka mitano mingine. Na gego likitolewa mapema mno, meno jirani huegemea kwenye pengo, la ukubwani linapokuja linakuta kiti kimekaliwa.

Nikaenda kwanza peke yangu kuongea na tabibu wa meno. Mbeya tuna chuo kinachofundisha matabibu wa meno, na huyu dada niliyempata nadhani alizaliwa na subira yake. Nilimweleza yote, hadi chipsi. Akaniambia nimlete mtoto siku ambayo haumwi popote, asubuhi akiwa amelala vizuri na ameshiba, na siku hiyo hatamfanyia lolote.

Safari hii nilimwambia Baba ukweli. "Jumanne tunaenda kwa daktari wa meno. Atahesabu meno yangu, halafu ukipenda atahesabu na yako. Hakuna kung'oa." Aliuliza mara saba kama hakuna kung'oa, na mara saba nikamjibu vilevile. Nilikuwa na uhakika kwa sababu nilikwishakubaliana na tabibu. Kama huna uhakika, usiahidi. Sema tu, "Sijui, tutamwuliza pamoja."

Siku ile nilikaa mimi kwenye kiti. Nikiri, mikono ilikuwa inatoka jasho, maana na mimi nilikuwa sijakalia kiti kile tangu shule ya msingi. Tabibu akanihesabu kwa sauti, Baba amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Kisha akaulizwa kama anataka kuona kiti kikipanda na kushuka. Akapanda, akashuka, akapanda tena, akashika kile kimpira kinachonyonya mate kikavuta kidole chake, akacheka. Mdomo hakufungua. Tukaondoka. Mume wangu aliposikia tumepoteza asubuhi nzima na nauli kwa ajili ya kupanda kiti, alitikisa kichwa. Mimi naona hiyo ndiyo nauli niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule.

Mara ya pili alifungua. Dada yule alikuwa na utaratibu wake: kila kifaa anakitaja kwa maneno ya kitoto, anamwonyesha kikifanya kazi kwenye kucha yake, ndipo anakiingiza mdomoni. Hakuruka hatua hata moja. Na walikubaliana alama: akiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Baba aliinua mkono mara tano bila sababu yoyote, anapima tu kama ni kweli. Mara zote tano tabibu alisimama. Nadhani hapo ndipo alipompata.

Mara ya tatu ikawa ya kuziba. Hapa wazazi huniuliza nilimwambiaje kuhusu sindano. Sikumwambia haitauma, kwa sababu itauma kidogo, na akigundua atakuona mwongo tena. Wala sikuitaja sindano wiki nzima kabla, kumpa muda wa kuiogopa. Asubuhi yake nilimwambia daktari atalilaza jino usingizi, atasikia kama amefinywa, na mimi nitahesabu hadi kumi. Akauliza, "Litaamka saa ngapi?" Nikamjibu kwenye saa sita sita hivi, maana ganzi huchukua saa mbili tatu kuisha. Tabibu alimpaka kwanza dawa ya ganzi juu ya ufizi, akasubiri, sindano ikaingia taratibu. Nilifika saba. Aliinua mkono, wakasimama, akavuta pumzi, akaushusha mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, nimemshika kifundo cha mguu. Nilikuwa nimeonywa nisiseme "pole, pole mwanangu" kila sekunde, kwa kuwa mtoto akisikia anapewa pole anaanza kutafuta kilichomuumiza. Nikanyamaza. Ni kazi ngumu kwa mama wa kwetu, niamini.

Kama mwanao ni mdogo kuliko wangu, mpeleke tu akahesabiwe meno anapofikisha mwaka mmoja hivi, kabla hajajua kuogopa. Na nyumbani mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele wa Kyela mpaka afike miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue mdomo kwa kikombe kizima cha maji. Mpige mswaki wewe mwenyewe mpaka miaka saba au nane, mikono yao haiwezi kufika nyuma. Chunguza hasa kwenye miaka sita, kwa sababu nyuma ya magego yote huota gego jipya bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani nalo ni la utoto wakaliacha lioze, kumbe ndilo la kuzeekea. Pipi na ubuyu sijamkataza. Nimeviweka pamoja na chakula, si vya kumung'unya kutwa.

Kosa moja nililifanya hata siku ile ya mafanikio. Kwa furaha nilimnunulia karanga pale stendi, nikasahau kwamba nusu ya mdomo wake bado imelala. Alitafuna njia nzima hadi Uyole, anafurahia, na karanga hazikuwa peke yake. Tuliposhuka mdomo wa chini ulikuwa unatoka damu na yeye hana habari. Kesho yake ulivimba kweli kweli. Nilidhani ndiyo tumerudi mwanzo, lakini mwalimu wake aliniambia Baba alikwenda dawati kwa dawati akiuonyesha, anawaambia wenzake amejing'ata mwenyewe na hakusikia kitu, wala hakuna aliyemshika.