Maswali ya Wasomaji: Natafuta metali adimu kwenye skrepa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni kijana wa kidato cha nne, naishi Tabata, Dar. Tangu mwaka jana nimeanza kukusanya elementi za lile jedwali la kemia, kila moja naiweka kwenye kichupa chake. Shaba ninayo, alminiamu ninayo, chuma na bati pia. Sasa nataka zile adimu, tangisteni, tantalamu, neodimiamu, ikiwezekana na dhahabu. Hela ya kuagiza nje sina ila mtaani kwetu wauza skrepa wapo wengi na mafundi simu ndo usiseme. Nimeona video watu wanachemsha mazabodi kwenye asidi wanatoa dhahabu, naweza kufanya hivyo nyumbani? Mama bado hajui.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie mama, leo hii, kabla hujaleta skrepa nyingine ndani, maana kuna vitu humo lazima ajue viko wapi hasa kama kuna wadogo zako nyumbani.

Sasa hiyo ya asidi usifanye. Nina jirani yangu fundi simu, mtu mzima na akili zake, alichemsha RAM za kompyuta (vile vibao vya kumbukumbu) na asidi ya naitriki jikoni kwake, dirisha moja liko wazi akaona inatosha. Ukatoka moshi wa kahawia, akakohoa kidogo, akatoka nje akapunga hewa, akajiona mzima akala akalala. Usiku wa manane kifua kikabana akawa anahema kama mtu aliyezama majini, alilazwa siku kadhaa. Ule moshi ndivyo ulivyo, unakuacha saa nyingi unajiona huna shida kumbe mapafu yanajaa maji taratibu. Na dhahabu aliyoitafuta ilikuwa vumbi la njano chini ya glasi, huwezi hata kulishika kwa kidole.

We unachotaka ni sampuli, hutaki mali ya kuuza, kwa hiyo tafuta vile vitu ambavyo metali imeshakaa kama metali, unaichomoa kwa koleo basi. Dhahabu mbona unayo tayari: chukua RAM iliyokufa, ule ukingo wenye meno ya njano ukate kwa mkasi mgumu, tia kwenye kichupa, andika "dhahabu, imepakwa juu ya nikeli na shaba". Ni dhahabu ya kweli hiyo hata kama ni nyembamba sana.

Tangisteni iko kila gereji. Nenda kwa fundi umeme wa magari umwombe balbu za taa za mbele zilizoungua, zile za halojeni, atakupa bure maana anazitupa. Ndani kuna kispringi kidogo kile ndo tangisteni, inayeyuka kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi, hakuna metali nyingine inayoifikia. Halafu pale chini kioo kilipobanwa angalia vizuri utaona kijikaratasi chembamba kinang'aa, hiyo ni molibdenamu, kwa hiyo balbu moja inakupa elementi mbili. Ila angalia, balbu hizi gesi yake ndani ina presha hata ikiwa imeungua, ikipasuka inarusha vioo. Vaa miwani ya fundi, izungushie kitambaa kizito tabaka kama tatu, tia kwenye mfuko, gonga mara moja na nyundo, kisha fungua taratibu. Kispringi ukikishika kwa nguvu kitakatika kama tambi kavu, ndo kawaida ya tangisteni iliyokwisha kuwaka muda mrefu, kwa hiyo tumia kibanio. Taa za zenoni na zile tubu ndefu nyeupe usivunje, nyingi zina zebaki.

Ukitaka kipande kinachoshikika tafuta wale mafundi wanaochomelea rimu na rejeta za alminiamu kwa gesi ya agoni. Wanatumia vijiti vya tangisteni, vikibaki vifupi wanavitupa. Rangi ya kichwani ndo inakwambia: kijani ni tangisteni tupu, kijivu ina siriamu kidogo, dhahabu au buluu ina lanthanamu, na nyekundu ina thoriamu ambayo ina mionzi, ukipewa hiyo usiinoe wala usiisugue, vumbi lake likiingia kifuani ni balaa, bora uiache hukohuko. Kama rangi imeshaisha na hujui, achana nacho pia.

Kuhakikisha ni tangisteni kweli, pima. Azima mizani ndogo ya sonara. Kipande cha sentimita 5 chenye unene wa milimita 2.4 kinatakiwa kipime gramu 4 na kidogo, chuma cha kawaida cha saizi hiyohiyo hakifiki hata gramu 2. Mi nilipopima cha kwanza nilirudia mara tatu, kitu kidogo hivyo ni kama kinavutwa chini! Uzito wake unakaribiana kabisa na wa dhahabu.

Tantalamu iko kwenye bodi za laptop na simu za zamani, kwenye zile kapasita (vijidude vya kutunza umeme) ndogo za njano au chungwa zenye mstari upande mmoja. Ing'oe, banabana ganda lake kwa koleo mpaka lipasuke, ndani utakuta kitofali cheusi kidogo kuliko punje ya mchele na kijiwaya kimechomoza. Kitofali ni unga wa tantalamu uliogandamizwa na juu yake umepakwa manganizi dioksidi ndo maana ni cheusi, lakini kile kijiwaya ni tantalamu yenyewe, safi. Kikate ukitunze. Kwenye lebo yake andika vizuri, maana tantalamu inatokana na koltani, na koltani nyingi inachimbwa Kongo mashariki, kule Masisi kwenye machimbo ya Rubaya watu wanaichimba kwa sururu na makoleo, na vita vimepita juu yao miaka na miaka. Mi nikikiangalia kile kijiwaya huwa nawafikiria wale watu.

Kwa neodimiamu fungua hard disk ya kompyuta iliyokufa, fundi kompyuta ana ile bisibisi ya nyota ya ncha sita. Pale mkono wa kusomea unapozungukia kuna sumaku umbo la ndizi. Usizilete karibu na nyingine, zikirukiana zinabana kidole mpaka damu. Ile sio neodimiamu tupu, ni mchanganyiko na chuma na boroni, neodimiamu ni kama robo hivi au zaidi kidogo, ila kwa kabati la nyumbani sumaku inatosha kabisa kwa sababu ile tupu inaliwa na hewa, ingebidi uitunze kwenye mafuta. Usiipige msasa wala kuitoboa, unga wake unashika moto. Na kwetu Tanzania madini yake yapo, pale Ngualla mkoani Songwe, iandike na hiyo.

Microwave usifungue kabisa. Ina kapasita inayoweza kuua hata ikiwa imechomolewa kwenye umeme, na kwenye ile magnetroni (kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula) baadhi zina kauri ya berili ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu. Betri za simu nazo usizitoboe eti unatafuta lithiamu.

SWALI: Kaka, mi ni fundi ekzosi Mwanza. Watu wananunua masega ya magari (vile vya kusafisha moshi ndani ya ekzosi) kwa bei kubwa, wanasema yana platinamu. Mwanangu anataka kipande kwa ajili ya mkusanyo wake kama huo. Platinamu yenyewe iko wapi mbona naona kigae tu?

JIBU: Iko juu ya hicho kigae fundi, imepakwa nyembamba sana ndani ya vile vitundu, sega zima linakuwa na gramu chache tu za platinamu, paladiamu na rodiamu. Huwezi kuikwangua ukaiona. Mpe kipande kizima cha ukubwa wa kiberiti, usikisage, kitie kwenye kichupa kinachofungwa kabisa kwa sababu lile vumbi sio la kuvuta, aandike majina yote matatu. Na akitaka iridiamu mwekee plagi ya injini iliyochoka ya aina ya iridiamu, kile kincha chembamba cha katikati kama sindano ndo chenyewe. Plagi aiache nzima, kincha akikikata kitapotea sakafuni asikione tena. Masega yenyewe nunua kwa mtu unayemjua na uwe na karatasi, yanaibiwa sana.

SWALI: Naandika kutoka Mombasa. Nataka metali za risasi na zinki. Naweza kuvunja betri ya gari niyeyushe risasi kwenye jiko la makaa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na wewe uko Mombasa, hebu ulizia mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa jirani na makazi, watoto wakapimwa wakakutwa na risasi kwenye damu, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania kesi hiyo miaka mingi mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Moshi wa risasi huuoni mpaka umeshaingia. Nenda kwa fundi tairi mwombe kile kirisasi cha kubalansi gurudumu, ukikwaruza na kucha kinaacha alama basi ni risasi (siku hizi vingine ni vya zinki au chuma, hivyo havikwaruziki). Kifunge kwenye kichupa, nawa mikono, imetosha.

Zinki ipo kwenye mawe ya redio, yale makubwa. Hakikisha hayakuandikwa alkalaini, hayo yana maji yanayounguza. Vaa glavu, menya ganda la nje kwa koleo, ile kopo ya ndani ndo zinki, ule unga mweusi una manganizi dioksidi, na kijiti cha katikati ni kaboni. Kopo lioshe kwa brashi na sabuni, liache likauke. Kata kipande kimoja ndo ukiweke kabatini.