Kamera niliyoikosa mnadani imerudi, nilipe?

SWALI: Habari dada, niko Uingereza. Juzi niliweka dau la kamera eBay nikazidiwa mwishoni, leo nimepata imeili eti mshindi kajitoa, nitaipata kwa bei yangu ila nitume hela kwa Western Union. Nitume?

JIBU: Usitume hata senti mdogo wangu! Kweli eBay muuzaji anaweza kumpa nafasi ya pili aliyeshindwa, ila ofa ya kweli utaikuta pia kwenye meseji za akaunti yako, kwa hiyo achana na linki ya kwenye imeili, ingia mwenyewe eBay uangalie, kama haipo huyo ni tapeli. Tena eBay hawaruhusu kulipa kwa Western Union, ukilipa nje ya mfumo wao ile dhamana ya kurudishiwa pesa haikuhusu tena, na hela ikishachukuliwa kule ndo basi. Imeili yenyewe usiifute, iforwadi report@phishing.gov.uk, ndiko serikali ya huko inakopokea ripoti za imeili za kitapeli.

Na nyie mnaouza, hasa simu, jamani, mtu akikutumia imeili eti malipo yameingia usipeleke mzigo posta mpaka uingie mwenyewe kwenye akaunti yako ya eBay uone kwa macho yako kwamba oda imelipwa.