Boti ya kukokotea sangara: shida yako ni mwendo, si chambo

Mkuu, umesema una boti ya faiba ya futi 21, injini ya nguvu farasi 40, fimbo nne na sanduku zima la chambo bandia, na mara tano ulizotoka Ghuba ya Mwanza umerudi na gugumaji tu. Unauliza uongeze nini. Mimi nimekokota sangara huku, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea, mwaka wa nane sasa, na makosa yako nimeyafanya yote. Usiongeze kitu. Punguza mwendo kwanza.

Sangara si samaki wa kukimbizana. Anakaa pembeni ya jabali au kwenye ukingo ambapo kina kinashuka ghafla, anangoja furu au dagaa apite, kisha anafungua lile domo. Chambo kikipita mbio anakiangalia tu. Mwendo unaonipa samaki ni kilomita 4 hadi 6 kwa saa, yaani mtu anayetembea akiwahi daladala. Washa GPS ya simu uone boti yako inakwenda ngapi ikiwa sailensa, yaani bila kuongeza moto. Yangu, nikiwa na injini ya 40 na watu wawili tu, ilikuwa inagonga 8, na mimi najisifu kuwa naenda taratibu!

Dawa nzuri ni injini ndogo ya pili, ya 8 au ya 15, ifungwe pembeni ya ile kubwa. Hela ikiwa haipo, fanya kama mimi: ndoo mbili za lita ishirini, toboa matundu kama kumi kila moja chini, zifunge kwa kamba moja kila ubavu, katikati ya boti. Usizifunge nyuma, zitagombana na mishipi. Na kamba iwe fupi, hata ikinyooka yote isiifikie propela. Nilishuka mpaka 5 siku hiyohiyo. Ila mkipata samaki, kazi ya kwanza ya msaidizi wako ni kupandisha ndoo. Sangara wangu wa kwanza mkubwa alizunguka kamba ya ndoo mara mbili, nikabaki nimeshika fimbo kama mwenye mwavuli.

Kama injini yako ni ile ya kuchanganya oili, saa tatu za mwendo huo plagi zinaloa na kujaa masizi. Kila baada ya nusu saa toa mishipi, ipe moto dakika mbili, rudi kwenye mwendo wako. Beba plagi za akiba na spana yake.

Fimbo nne ni nyingi. Weka mbili, ya tatu ukishazoea. Ukikata kona na mishipi minne utatumia asubuhi nzima kufumua mafundo. Zile za mita tatu waachie wanaorusha kutoka kwenye mawe. Wewe tafuta fupi na ngumu, mita 1.8 au 2. Vishikio vya fimbo usivifunge kwa skrubu za mbao, maana sangara wa kilo 30 anakuja na kishikio chake. Mimi nimetumia bomba la maji la chuma, fundi akalichomelea kwenye bamba, bamba likapigwa bolti zinazopenya mpaka upande wa pili.

Kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, jaza mshipi wa kusukwa unaohimili kilo 30 hivi, mita 300. Mbele yake unganisha mita mbili au tatu za nailoni nene ya kilo 40 au 50. Waya wa chuma haulazimu: sangara hana meno ya kukata, ana msasa mdomoni, unakwangua nailoni polepole. Kila ukipata samaki pitisha vidole kwenye nailoni, ukihisi imeparara, kata nusu mita ufunge upya. Kinachokata ni mifuniko ya mashavu yake. Vaa glavu, mshike taya la chini, usiingize vidole pembeni.

Breki ya rili usiikisie kwa mkono. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, ifunge kwenye mshipi uvute taratibu: rili ianze kuachia kwenye kilo 6 au 7. Mwanzo niliikaza yangu mpaka mwisho. Sangara alipogonga, akaruka mzima nje ya maji, mashavu wazi, kichwa kinatikisika, halafu mshipi ukalegea. Ndoana ya pembe tatu ilirudi imenyooka kama msumari. Ndoana zinazokuja na chambo kutoka dukani nyingi ni nyembamba. Badilisha uweke nene.

Kuhusu chambo chenyewe, najua utauliza rangi. Ndani ya ghuba maji ni ya kijani na mazito, samaki haoni mbali, kwa hiyo nataka chenye gololi zinazogonga ndani na rangi inayopiga kelele, chungwa au njano-kijani. Ukitoka nje kuelekea Ukerewe na Ukara maji yanasafika kidogo, hapo rangi ya fedha inafanya kazi. Urefu wa sentimita 14 hadi 18, chenye mdomo wa plastiki wa kukizamisha. Kimoja mita 30 nyuma ya boti, kingine 50, na ufunge uzi mwekundu kwenye mshipi uwe alama ya umbali. Kisha usiende moja kwa moja, pinda kama nyoka. Ukipinda, chambo cha nje kinaongeza kasi na cha ndani kinapunguza. Angalia ni kipi kinachogongwa, samaki mwenyewe atakuwa amekwambia mwendo anaoutaka.

Usihangaike na kina kirefu. Ziwa Victoria lenyewe halifiki mita 90 mahali popote, na miezi ya joto maji ya chini kabisa yanaishiwa oksijeni, sangara hapawezi. Mimi nakokotea penye kina cha mita 6 hadi 20. Kifaa cha sona, kile kinachoonyesha kina na samaki, cha bei ya chini kinatosha. Kichwa chake kikae majini ubavuni, mbali na mapovu ya propela, la sivyo skrini itakuonyesha theluji. Siku wamekaa mita 12 nashusha chubwi la risasi la kilo 4 kwa kamba, na mshipi naubana hapo kwa kibanio cha nguo. Akigonga, kibanio kinaachia. Cha shilingi mia tu, na hakijawahi kuniangusha.

Sasa nyavu. Hili ndilo litakalokugombanisha na watu. Makila, zile nyavu za kutega, yanategwa jioni na kuvuliwa alfajiri, na maboya yake mengine ni vipande vya kandambili tu. Mwaka wangu wa pili nilitoka saa kumi na moja nikitaka kuwahi, nikapita juu ya wavu wa mzee mmoja. Propela ikameza mita kadhaa, nikakaa naelea mpaka akaja mwenyewe na kasia. Hakupiga kelele. Alikata kwa kisu, akahesabu vipande kimoja kimoja mbele yangu, akataja bei, nikalipa. Tangu hapo sishushi mshipi kabla ya saa moja na nusu, na kila nikienda eneo jipya napita kwanza mwaloni, wanakoshushia samaki, kuuliza nyavu na migonzo (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) vimelala wapi. Wanakwambia vizuri tu, tena wanakuonyesha na mawe yenye samaki.

Hiyo saa moja na nusu ina faida nyingine. Radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo ukingoja kidogo unaona mawingu yamekaaje kabla hujaondoka. Majaketi ya kuokolea yavaliwe, yasikaliwe.

Leseni kata, na kisiwa cha Rubondo ni hifadhi, ina taratibu na ada zake. Sangara wa chini ya sentimita 50 mrudishe. Ile injini ya 40 usiuze, utaihitaji kurudi nyumbani upepo ukiamka mchana.