Jibu: Kaka ameacha dawa za bipola, anakesha na kugawa pesa

Pole sana dada. Umeandika kwamba kaka yako mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaofanya hisia zipande na kushuka kupita kiasi, ameacha dawa kwa kuwa "amepona", anakesha na kugawa hela za duka: hizo ni dalili za hisia kupanda. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili, Muhimbili au hospitali ya rufaa ya mkoa, wiki hii hii. Msibishane naye juu ya mipango yake. Ongeleeni usingizi, huenda hapo akasikia.

Umesema alikuwa akitumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia. Msimrudishie kwa kukisia dozi. Dawa hiyo hupimiwa damu, pamoja na figo na thairoidi (tezi ya shingoni). Mtu akiharisha, au akimeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, kiwango chake mwilini kinaweza kupanda hadi kuwa sumu. Akitapika, akitetemeka sana au akiyumba, hospitali mara moja.

Akitaja kufa, msimwache peke yake hata dakika. Mama naye asikeshe kila siku, pangianeni zamu. Shangazi anayesema karogwa, mwambieni aombe akiwa njiani kwenda hospitali.

Akitulia, kubalianeni naye mapema nani atashika kadi ya benki siku usingizi ukipotea tena.