Bili ya maji: gavana hana kalamu ya kuipunguza

Ndugu yangu, umeuliza: ikiwa kampuni ya maji ni mali ya kaunti, mbona gavana asipunguze bili kwa amri tu? Tazama Nairobi. Kampuni yake ya maji na majitaka ilizaliwa na Sheria ya Maji ya 2002, na mwenye kampuni ni kaunti. Lakini bei huidhinishwa na WASREB, mdhibiti wa kitaifa, baada ya wananchi kusikizwa. Vikao hivyo ndivyo pa kupigia kelele (wengi hatuendi, kisha tunalia). Kama kasoro ni ya bili yako tu, andikia kampuni kwanza, na upige picha ya mita. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kampuni pia isome, hasa pale inapotaja maji yanayopotea njiani.