Jibu: Kipande kinachokubali chumbani na kukataa jukwaani
Ndugu, umeuliza kwa nini kipande cha piano unachokipiga bila kosa ukiwa peke yako huvurugika mbele ya watu, na kama dawa yake ni kuongeza saa za mazoezi. Kwa maoni yangu, saa si tatizo. Utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin, ambao wengi huunukuu kana kwamba ulihusu wingi wa saa tu, ulitilia mkazo mazoezi yenye lengo mahususi na marekebisho ya makosa.

Unaporudia mstari uleule mara ishirini mfululizo, marudio ya mwisho hutoka vizuri kwa sababu vidole vimeshapata joto, ilhali jukwaani unapewa nafasi moja tu. Kwa hiyo piga sehemu ngumu mara mbili au tatu, hamia kwenye kipande kingine, kisha urudi na kuhesabu jaribio la kwanza pekee. Jizoeze pia kuanzia mahali popote, maana anayetegemea mazoea ya vidole akikwama katikati hulazimika kurudi mwanzo.

Kuhusu moyo kwenda mbio, usihangaike kuutuliza kwa nguvu. Mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wamesisimka waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Toa pumzi polepole, kisha elekeza mawazo kwenye sauti unayotaka isikike, wala si kwenye vidole.